Ani Choying Drolma: mtawa anayelipwa kuimba

Ani Choying Drolma wa Nepal ni mtawa wa Kibudha, na ni nyota wa muziki. Amenyoa kichwa, huvaa joho la rangi ya damu ya mzee, na kwa vazi hilohilo amepanda majukwaa ya Asia, Ulaya na Marekani, akaimba na akalipwa. Je, aliyeweka nadhiri ya kuipa dunia kisogo anaruhusiwa kuishi hivyo?

Wanaomlaumu hawasemi ovyo. Kati ya nadhiri kumi za mtawa mwanafunzi imo ya kujiepusha na nyimbo, ngoma na maonyesho, na imo ya kutopokea dhahabu wala fedha.

Ila mapokeo ya Kitibeti yaliyomlea yana ibada ambazo tangu asili yake huimbwa. Chöd, inayohusishwa na mwanamke mtakatifu Machig Labdrön, huendeshwa kwa sauti, ngoma ya mkononi na kengele. Nyimbo za namna hii ndizo alizojifunza katika makao ya watawa wa kike ya Nagi Gompa, kilimani juu ya bonde la Kathmandu, chini ya mwalimu wake Tulku Urgyen Rinpoche. Mpiga gitaa wa Marekani Steve Tibbetts alimsikia hukohuko akiziimba, na mwaka 1997 wakatoa albamu ya Chö.

Kwangu mimi, lawama nzito ni nyingine, na haitajwi sana. Ughaibuni sala hizi zimegeuka muziki wa kupumzisha akili: zinapigwa chinichini mtu akikandwa mgongo, na joho la mtawa kwenye jalada linasaidia mauzo. Soko hilo hakulianzisha yeye, lakini limemfaa, na sijaona utetezi unaoniridhisha. Kwa hiyo naupenda zaidi wimbo uliompa jina nyumbani, "Phoolko Aankhama". Maneno ni ya mshairi Durga Lal Shrestha, muziki wa Nhyoo Bajracharya, lugha ni Kinepali, na unasema kwamba dunia huonekana kwa jinsi moyo wa anayeitazama ulivyo. Hapo hakuna sala iliyouzwa.

Tuje kwenye fedha. Alizaliwa Kathmandu mwaka 1971, mtoto wa wakimbizi wa Kitibeti. Baba yake alikuwa akimpiga. Hayo ameyasimulia mwenyewe hadharani, na kwamba aliingia utawani akiwa na miaka 13 kukimbia kipigo, na pia ndoa, kwa yale aliyoyaona yakimpata mama yake. Watawa wa kike aliwakuta wakiwa nyuma sana ya wanaume kielimu. Mwaka 1998 akaanzisha shirika la ustawi wao, na mwaka 2000 ikafunguliwa shule ya Arya Tara, ambako wasichana watawa husoma hesabu, sayansi na Kiingereza pamoja na falsafa ya dini. Mama yake aliugua figo hadi kufariki, naye akaanzisha taasisi ya kusaidia wagonjwa wa figo. Mapato ya muziki ndiyo yamekuwa tegemeo la kazi hizi.

Atakuja mtu aseme wema hauvunji nadhiri iliyowekwa, na kwa mizani ya sheria ya utawa hajakosea. Lakini makao ya watawa wa kiume huko Tibet yalimiliki mashamba na kupokea sadaka kwa karne nyingi, na wanazuoni wake wakasomeshwa kwa mali hiyo. Anayemtaka Ani Choying anyamaze, basi na atuonyeshe wasichana wa Arya Tara wangesomeshwa na nani.