Baiskeli Isiyo na Keria

Kuna kona moja ya mto Mosel, kati ya Bremm na Eller hapa Ujerumani, ambako mlima umesimama kama ukuta, na watu wakaona hapo ndipo pa kupanda mizabibu. Panaitwa Calmont. Wenyeji wanajisifu kwamba shamba lao ni miongoni mwa mashamba ya mizabibu yenye mteremko mkali kuliko yote duniani, na ukiwa umesimama chini kabisa unatazama juu huna cha kubisha. Kuna sehemu mteremko unapita nyuzi 60. Mara ya kwanza kufika pale na baiskeli nilishuka, nikaiegemeza, nikajikuta nahesabu matuta. Ukuta wa mawe, mizabibu, ukuta wa mawe, mizabibu. Nikawaza mama angeona hivi angeuliza: hawa nao ni Wasambaa?

Mimi ni mtu wa Lushoto, kwa Wasambaa wa milima ya Usambara, Tanzania, na huu ni mwaka wangu wa saba Koblenz, pale Mosel inapomwagia maji yake Rhine. Kazi yangu ni ya ghala, zamu ya usiku. Jumamosi nikishaamka napandisha baiskeli kwenye treni (wikendi baiskeli hailipiwi) na kushukia Cochem. Baada ya hapo treni huingia kwenye handaki la zaidi ya kilomita 4, lililochimbwa karne ya 19, na kutokea Eller dakika chache tu baadaye. Mto wenyewe unazunguka zaidi ya kilomita 20 kufika hapo hapo. Mimi naufuata mto.

Kando ya maji kuna njia ya lami, tambarare, imejaa familia na watoto wenye kofia ngumu. Hiyo ni nzuri kwa kupasha moto miguu. Utamu unaanza ukikata kushoto au kulia. Ukiwa unafuata maji yanakoelekea, kushoto kwako ni milima ya Eifel, kulia ni ya Hunsrück, na pande zote mbili unapanda kwa vijibarabara vya zege walivyojengea matrekta katikati ya mizabibu. Unapanda gia ya mwisho, ulimi nje, halafu nyuma yako unasikia sauti nyembamba ya mota. Ni bibi wa miaka sabini na kitu juu ya baiskeli ya betri. Anakupungia mkono, anakupita, anapotea kwenye kona. Hilo nimelizoea sasa. Mwanzoni liliniuma.

Juu kuna msitu, na kutoka msituni kuna vijia vya kuteremkia. Ardhi ya huku ni mawe ya sleti, yale yale ambayo babu zetu walikatiwa vibao vya kuandikia shuleni. Yakiwa makavu yanalia chini ya tairi kama vigae vilivyovunjika. Yakilowa, omba dua. Wakulima wanayapenda kwa sababu yanameza joto la jua mchana na kuirudishia mizabibu usiku, na ndiyo maana zabibu za Riesling zinaiva kaskazini kote huku ambako mtu wa pwani asingetegemea hata embe lichanue. Warumi walilijua hilo kabla yetu sote. Walikuwa na mji wao Trier, na mizabibu walikuwa nayo.

Mimi sinywi. Kuishi bonde la mvinyo bila kunywa ni kama kuishi Lushoto bila kula peasi, lakini nimepata namna yangu. Wenzangu wa Jumamosi wakisimama kwenye vile vilabu vya msimu, ambavyo mkulima anaruhusiwa kufungua nyumbani kwake kwa miezi isiyozidi minne kwa mwaka na viti visizidi 40, mimi naagiza juisi ya zabibu. Mwaka wa kwanza nililetewa glasi ya kitu cheupe chenye ukungu, kitamu hadi puani, nikanusa tu nikarudi nyuma. Kilikuwa kinachemka chenyewe kama pombe ya miwa ya siku ya pili. Kumbe ni mvinyo mchanga wa msimu wa mavuno, na chupa yake haifungwi hadi mwisho, isije ikapasuka. Harufu ile naijua. Haihitaji kusoma Kijerumani.

Sasa nije kwenye ubishi wangu.

Tukikutana Waswahili wa huku, wimbo ni mmoja: wenzetu wamejipanga, wana muda wa michezo, wanathamini milima yao, sisi milima tunaiachia wazungu waje na vijiti vyao. Nusu ya wimbo huo ni kweli. Kuna vibao kila njiapanda, kuna ramani, na kule Stromberg, upande wa pili wa Hunsrück, wamechonga njia mahsusi ya baiskeli msituni. Kuna hata sheria ya upana. Jimbo la jirani, Baden-Württemberg, linakataza baiskeli kwenye njia ya msitu iliyo chini ya mita 2. Huku Rheinland-Pfalz sheria inataja barabara na njia za msitu, na hapo kila mtu ana tafsiri yake kuhusu kijia chembamba. Mzee mmoja mwenye fimbo mbili za kutembelea aliwahi kunisimamisha akanipa mhadhara wa dakika kumi, kidole kikielekea kwenye kibao nilichokuwa nimekwisha kukipita. Nilimwitikia kwa adabu. Moyoni nilikuwa nawaza njia za kwetu, ambazo hazina kibao wala mita. Mwenye mzigo kichwani ndiye mwenye njia, wewe wa baiskeli unashuka, unasogea kwenye majani, unasema shikamoo, mnaachana.

Lakini nusu nyingine ya wimbo siikubali, na aliyenifungua macho hakuwa mzee wa fimbo.

Ilikuwa Oktoba, wakati wa kuvuna. Nilikuwa nimesimama juu ya shamba, na mahali pa kupigia picha palikuwa pazuri kweli: mto umejikunja chini, mizabibu imegeuka manjano. Chini yangu kundi la watu lilikuwa likikata zabibu, wakizungumza Kiromania. Mashamba ya mteremko namna ile mashine ni taabu kuyaingia. Ni mikono, mkasi na ndoo, na vireli vidogo vya meno vinavyopandisha makreti kwa kukwaruza. Kima cha chini cha mshahara mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa, kabla ya makato, na kwa saa hiyo unasimama mguu mmoja juu mwingine chini mpaka nyonga zinasahau kunyooka. Mwanamke mmoja alisimama, akaweka kiganja kiunoni, akajinyoosha mgongo taratibu huku amefumba macho. Ni mama yangu mtupu. Kiganja kile, kiuno kile, hata namna ya kupumua. Nikarudisha simu mfukoni.

Waendesha baiskeli wanne walipita nyuma yangu wakati ule. Walisalimiana na mimi, kwa kuwa nilikuwa na kofia na miwani kama wao. Wale wa chini hakuna aliyewatupia neno.

Tangu siku hiyo naona mlima una watu wa aina mbili, huku na kwetu: anayeuchezea na anayeufanyia kazi. Lushoto anayechezea ni mgeni anayetembezwa na kiongozi wa watalii kwenda Mtae, na anayefanya kazi ni mama na kabichi zake. Nina hakika mama yumo kwenye picha za sebule kadhaa za Ulaya, mbali kidogo, kama kipande cha mandhari. Mosel anayechezea sasa ni mimi. Na usidhani watoto wa wenye mashamba wa huku wanapigania kubaki. Pita mabonde haya utaona matuta mengi yaliyoachwa, vichaka vimekula kuta ambazo mababu walizipanga jiwe kwa jiwe, kwa kuwa vijana wamekwenda mijini. Wamekimbia mteremko. Nilipokiona kichaka cha kwanza cha namna ile nilitaka kulaumu, nikakumbuka mimi niko wapi.

Kwa hiyo mtu akiniambia Mjerumani anapenda mlima kuliko Msambaa, namuuliza: Mjerumani yupi? Anayependa ni yule ambaye mlima haumdai kitu. Na sisi tulikuwa tunaupenda. Nikiwa darasa la sita tulikuwa tukiteremka kwenda Soni na Phoenix za wazee, gunia la peasi nyuma, breki za vyuma zimekufa zamani, breki yenyewe ni soli ya kandambili unayokandamiza kwenye tairi mpaka inanuka mpira. Huku wangetutoza kiingilio kututazama. Tulikatazwa na wazazi, tukachapwa, tukateremka tena. Ila hakuna aliyewahi kutuambia kwamba tunachofanya kina jina. Baadaye zikaja bodaboda, na baiskeli ikabaki kuwa ushahidi kwamba hujafanikiwa kununua pikipiki.

Hilo ndilo ninalotaka tulibishie. Sisi wa nje tukienda likizo tunakodi Noah, tunapanda Irente kuitazama Mazinde kule chini, tunapiga picha, tunashuka. Tunakuwa watalii wa mlima uliotulea. Siombi serikali ichonge njia, vinjia tunavyo tangu enzi za mababu, na kwa ladha yangu vinashinda vingi vya huku. Kutoka Mombo hadi Lushoto mjini ni kilomita zisizofika 40 na unapanda karibu mita 1,000, mlima ambao Mosel nzima haina. Nataka tu kijana wa kule aonekane juu ya baiskeli siku ya Jumapili, hana mzigo, hana anakokwenda, na asiulizwe kama ana shida.

Mimi niliulizwa. Mwaka juzi nilibeba baiskeli yangu hadi nyumbani, nikaifunga matairi uani watoto wakiwa wamenizunguka wanabonyeza springi za mbele. Asubuhi nikavaa kofia. Jirani akauliza kwa huruma ya kweli, "Pikipiki imekosekana kabisa, baba?" Mama alikuwa akipanga kabichi kwenye tenga, maana ilikuwa siku ya gulio. Akaitazama baiskeli kwa muda, mbele, nyuma, akaizunguka.

"Umenunua shilingi ngapi hii?"

Nikamtajia, nikiwa nimepunguza nusu.

"Na keria iko wapi?"

Nikamweleza kwamba hizi hazina, ni za michezo, ukiweka keria zinakuwa nzito kwenye kona.

"Unakwenda Soni?"

"Napita huko, ndiyo."

"Unakwenda mtupu?"

Hakungoja jibu. Aliingia ndani akatoka na begi langu la mgongoni, akamwaga vifaa vyangu vya pancha kwenye mkeka, akatia kabichi tano, akapima uzito kwa mkono, akaongeza ya sita. Nikageuka anivishe. Njia nzima kabichi zilikuwa zikinigonga kisogoni kila nilipokanyaga jiwe, na pale darajani mama mmoja mwenye kuni kichwani alinikuta nimesimama, nikasogea kwenye majani, nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akaangalia begi, akaniuliza kabichi moja nauza bei gani.