Mapigo bilioni 288 kwa maneno mia tisa

Jana usiku nilitaka kusoma makala moja. Maneno kama mia tisa, bila picha wala video. Niliifungua kwenye iBook G4 yangu, kompyuta ya mkononi ya zamani ya Apple, kwa TenFourFox, kivinjari kilichotengenezwa kwa ajili ya kompyuta za aina hii, nikasubiri. Feni ikaanza kuvuma, kishale kikaganda, ukurasa ukabaki mweupe. Herufi ya kwanza ilionekana baada ya dakika nne.

Kila ninapolalamika jibu ni lilelile: nunua kompyuta mpya, hiyo imezeeka. Sikubali. Hebu tupige hesabu. Prosesa ya mashine hii hupiga mara bilioni 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo dakika nne ni mapigo bilioni 288. Maneno mia tisa ni kama kilobaiti 6 za maandishi matupu. Nani ataniambia kwamba mapigo bilioni 288 hayatoshi kuweka kilobaiti 6 kwenye skrini?

Kosa liko kwenye ukurasa. HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, inaruhusu kivinjari kichore kadiri inavyofika: aya ya kwanza ikitua unaanza kuisoma, ya pili ingali njiani. Ndiyo maana hata modemu ya 56k, ile ya intaneti ya polepole kupitia laini ya simu, ilivumilika. Siku hizi seva nyingi zinaleta kasha tupu pamoja na rundo la JavaScript, yaani msimbo wa programu unaoendeshwa ndani ya kivinjari. Kivinjari hakina cha kuchora mpaka kiupakue msimbo huo, kiuchambue, kiuendeshe, halafu msimbo wenyewe urudi kwenye seva kuomba maandishi. Na yakifika, bado. Linatua tangazo ambalo halikutengewa nafasi, linasukuma kila kitu chini, na mpangilio wa ukurasa mzima unakokotolewa upya. Kompyuta mpya nayo inabebeshwa mzigo huohuo wa bure, ila ina misuli ya kuuficha.

Nilizima JavaScript nikajaribu tena. Nikapata sentensi moja tu, inayonitaka niiwashe. Sentensi hiyo ilikuwa ya HTML, na ilitokea papo hapo! Basi njia ipo. Mwenye tovuti anaijua, akaitumia kunifukuza.

Haya, nakiri: usimbaji fiche, ule unaolinda mawasiliano na tovuti yasisomwe na wengine, unailemea prosesa isiyo na amri maalumu za kazi hiyo, na sitaki uondolewe. Ramani na mikutano ya video vinahitaji JavaScript, sawa. Lakini makala? Ukurasa wa kwanza kabisa wa wavuti, ule wa mwaka 1991 wa Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, CERN, kituo cha utafiti wa fizikia alikokuwa akifanya kazi, waliurudisha kwenye anwani yake ya awali mwaka 2013, na iBook inaufungua bila kusitasita.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba si kila mwenye mashine ya zamani anaitunza kwa mapenzi kama mimi. Wapo ambao hawana nyingine. Aliyeitengeneza TenFourFox aliibeba kwa zaidi ya miaka kumi, hadi 2021, ili kompyuta hizi zisifungiwe nje. Wenye tovuti walichotakiwa kufanya ni kidogo mno kuliko hicho: kutanguliza maneno.

Makala yenyewe ilikuwa nzuri, nzuri sana. Nimeyanakili maneno yake kwenye faili la maandishi. Lina kilobaiti 6, na kwenye iBook linafunguka kabla sijainua kidole.