Mizani ya Diko Haimjui Kikande

Katika diko ninakonunua samaki, pale wavuvi wanapoteremsha mavuno yao, afisa anayepima mavuno ya asubuhi huandika kilo. Tasi wa urefu wa kiganja, pono wawili watatu, changu wachache na vibua huingia katika kapu moja, wakatoka wakiwa tarakimu moja, na tarakimu hiyo ndiyo inayosafiri hadi kwenye ripoti ya mwaka. Simlaumu afisa, kwa kuwa ndivyo alivyoagizwa. Hata hivyo, kila nikimtazama akifunga daftari lake naona kwamba tumekuwa na shahidi mbele yetu, tukampima uzito, tukamwacha aende bila kumhoji.

Samaki hukaa majini usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka. Chupa ya maji inayopelekwa maabara hueleza hali ya saa ile ilipojazwa tu. Mvua za masika zikinyesha kesho yake na mto ukashusha matope pamoja na maji taka ya mji, majibu yale yamekwisha pitwa na wakati. Wazo la kuwasoma samaki badala ya chupa peke yake si geni. Mwaka 1981 James Karr, mwanabiolojia wa Marekani, alipendekeza kwamba afya ya vijito ipimwe kwa jamii ya samaki waliomo: ni aina zipi, ni wangapi, nani anamla nani, na wangapi wana vidonda au ulemavu. Sheria ya maji ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2000 nayo iliwaweka samaki miongoni mwa vipimo vya mito, maziwa na milango ya mito. Kwenye maji ya pwani yaliyo wazi iliwaacha, ikategemea mimea ya majini na wanyama wa sakafu ya bahari. Kusita huko nakuelewa, kwa sababu samaki wa baharini huhama, tena huvuliwa, na akikosekana huwezi kujua mara moja kama amefukuzwa na uchafu au amechukuliwa na nyavu.

Kwa miamba yetu, naamini kizuizi hicho kinarukika. Samaki wengi wa matumbawe hawaendi mbali na makazi yao, na kila mmoja hutoa ushahidi wa kosa tofauti, mradi tusiwachanganye kapuni.

Mchukue kikande. Si samaki wa karamu, na hakuna anayemwekea oda, lakini ana meno yanayovunja miiba, na chakula chake ni pamoja na wale wanyama wa mviringo wenye miiba wanaochoma nyayo za watu wanaotembea mwambani wakati wa maji kupwa. Yeye ndiye anayewapunguza. Bahati mbaya yake ni kwamba hakimbii chambo wala mtego wa dema, hivyo huwa miongoni mwa wa kwanza kwisha uvuvi unapozidi. Tim McClanahan, mtafiti ambaye ameishughulikia miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980, na wenzake wamelionyesha jambo hili kwa kulinganisha maeneo yanayovuliwa na hifadhi za zamani kama Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, na Kisite. Ndani ya hifadhi vikande wapo na wanyama wa miiba ni wachache. Nje, vikande wameadimika na wanyama wale wametapakaa, wakiukwangua mwamba hadi chokaa yake inamomonyoka. Kwa hiyo daftari lililoandika kwamba mwaka huu hakuletwa hata kikande mmoja lingekuwa limeeleza habari ya mwamba mzima, ingawa kilo za jumla pengine hazikutikisika kwa kuwa tasi wameziba pengo.

Kitatange naye anatoa ushahidi wa aina nyingine. Waswahili tumelitumia jina lake kwa mtu mfitini, na sijui samaki mzuri namna ile alimkosea nani. Wapo vitatange wanaokula matumbawe hai na karibu hakuna kingine, na kwa kawaida wavuvi hawawatafuti. Wakipungua mahali ambapo changu na chewa bado wapo, lawama haiwezi kutupiwa juya, yaani wavu wa kukokota. Yamekufa matumbawe yenyewe, kwa joto kama lile la mwaka 1998 lililoyafanya meupe na kuua sehemu kubwa yake katika Bahari ya Hindi, au kwa tope. Pale ambapo chewa wametoweka huku vitatange wakiendelea kucheza, mwelekeo wa tuhuma unageuka na kuwaelekea wavuvi. Aina mbili zinazosomwa kwa pamoja hutenganisha sababu ambazo aina moja ingeziacha zimefungamana.

Upo pia ushahidi ambao hauhitaji hata kulinganisha. Samaki aliyevuliwa kwa baruti hulegea mwilini, mifupa yake huvunjika na damu huvia ndani ya nyama, na mchuuzi mzoefu humtambua kwa kumshika tu, ingawa si kila mara atakiri.

Mwaka 1995 Daniel Pauly, mtaalamu wa uvuvi, aliandika kwamba kila kizazi cha wataalamu wa uvuvi huichukulia bahari waliyoikuta kuwa ndiyo bahari kamili, na hasara ya kizazi kilichotangulia ikasahaulika. Diko letu lina dawa yake nusu: wazee wanaotaja chewa wa kubebwa na watu wawili. Nusu iliyobaki ni maandishi, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodai kwamba kazi hii ni lazima ingoje vyombo vya gharama. Wavuvi wana jina la kila samaki anayetua, mara nyingine majina mawili kwa samaki mmoja kadiri anavyokua. Kinachotakiwa ni safu mbili zaidi katika daftari, ya jina na ya urefu, pamoja na ubao wa kupimia wenye alama za sentimita. Seremala wa madau yuko hatua chache kutoka mizani, na mabaki ya mbao hayamwishii.