Nukta Iliyoangukia Baharini Hainitishi

Bahi na Mpwapwa ni wilaya za mkoa mmoja, lakini katika UTM, mfumo wa kutaja mahali kwa mita unaoigawa dunia katika kanda za digrii sita za longitudo, kila moja ina kanda yake. Mstari wa longitudo 36 Mashariki unapita kama kilomita 30 tu mashariki mwa Dodoma mjini: mji na Bahi viko kanda ya 36 Kusini, Kongwa na Mpwapwa vimeingia ya 37. Kwa hiyo kila anayeunganisha nukta za visima au bikoni za wilaya hizi hukutana na ubishi uleule. Programu ya ramani izigeuze yenyewe kimyakimya ziwe za mfumo mmoja, au igome mpaka iambiwe zilipimwa kwa mfumo gani?

Wanaotaka igeuze wana hoja. Mhandisi wa maji hakuajiriwa kuwa mchora ramani, na faili likija na mfumo wake umeandikwa ndani, kumuuliza tena ni kumchosha bure. QGIS, moja ya programu za ramani, tangu toleo la 3 hulinganisha leya (matabaka ya ramani) papo hapo bila kuombwa, na hakuna anayelalamika.

Wanaotaka igome, kwa upande wao, huonekana makarani wapenda mihuri. Nadhani wanaonewa. Hawapingi kugeuza, wanapinga kubahatisha, pale jedwali la Eksel linapoletwa na safu mbili za tarakimu na jina la kijiji, basi.

Makosa makubwa hujianika yenyewe. Nukta ya Mpwapwa iliyopimwa kanda ya 37 ikisomwa kama ya 36 inaruka digrii sita na kutua Katavi. Pindua latitudo na longitudo ya Dodoma, nukta inaelea Atlantiki, nje kidogo ya Tangier huko Moroko. Mnacheka, mnarekebisha, mnamalizia chai.

Shida ni Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali. Ramani zetu za zamani za topografia zimejengwa juu yake, wakati simu na GPS za mkononi kwa kawaida hutoa WGS 84, mfumo unaotumika dunia nzima. Kwa macho huwezi kuzitofautisha: Dodoma mjini, mfumo wowote kati ya hiyo miwili, utaona takriban mita 803,000 upande wa mashariki na milioni 9.3 upande wa kaskazini. Lakini ukizisoma kodineti (tarakimu za mahali) za Arc kana kwamba ni za WGS 84, nukta inasogea takriban mita 300 kaskazini na mita 80 hadi 90 magharibi. Mita 300! Kisima kinabaki wilaya ileile, pengine kijiji kilekile, ila sasa kiko ng'ambo ya korongo au katika shamba la mtu mwingine. Mahali penye viwanja vya upana wa mita 20, umeruka viwanja 15. Hakuna alama nyekundu itakayowaka, na ramani itachapwa ikiwa safi kabisa.

Hapo ndipo ukimya wa programu unapoumiza. Kupachika jina la mfumo hakubadili tarakimu hata moja. Kugeuza kunazibadili zote. Mtiririko wa kazi unaofanya yote mawili nyuma ya pazia haukuachii njia ya kujua lipi lilifanyika. Tena kutoka Arc kwenda WGS 84 kuna seti zaidi ya moja ya vigezo vya kugeuzia, na mara nyingi programu huchagua mojawapo bila kuaga.

Nakubali kugoma nako kuna gharama. Mtu akiulizwa mara kumi, ya kumi na moja anabonyeza chochote ili kazi isonge, na jibu la uongo lililoandikwa rasmi ni baya kuliko pengo. Ndiyo maana ningetaka swali liulizwe mara moja tu, faili linapoingia, na safu za tarakimu za awali zibaki kando ya zile zilizogeuzwa, zisifutwe. Jedwali lisilo na jibu lisubiri mpaka aliyepima apigiwe simu.