Mwili Mkubwa Hautoshi: Niliyoyaona Kando ya Uwanja Texas

Nilipokuwa sekondari huko Nakuru, mwalimu wa michezo alinitazama mara moja, akaona mabega na urefu, akanipa jezi namba 7 ya raga na kuniagiza nimkabe kila atakayeshika mpira. Hilo ndilo lililokuwa somo langu lote la ukabaji. Leo, baada ya miaka 12 Texas, ninapokaa kando ya uwanja wa shule ya mwanangu na kutazama wanavyomfundisha lainibeka, yaani mlinzi anayesimama yadi 4 au 5 nyuma ya safu ya mbele katika futiboli ya Kimarekani, naelewa tulichokosa.

Mwili una nafasi yake, sikatai. Katika majaribio ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, yanayofanyika Indianapolis kila mwaka, wachezaji hupimwa mbio za yadi 40, kuruka juu, na kuinua chuma cha ratili 225, takriban kilo 102, mara nyingi kadiri wawezavyo. Hata hivyo, lainibeka Sam Mills alikuwa na kimo cha sentimita 175 hivi, hakuna timu ya NFL iliyomchagua alipomaliza chuo, na bado mwaka 2022, akiwa ameshafariki, jina lake liliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo. Mtu mfupi kiasi hicho hafiki huko kwa misuli peke yake; hufika kwa sababu anajua mpira unakoelekea kabla ya wenzake.

Na ujuzi huo hufundishwa. Jioni moja vijana walipangwa wakiwa wamekunja magoti, uzito wao ukiwa mbele ya nyayo, huku kocha akiigiza mchezaji wa safu ya mbele ya wapinzani. Akisukuma mbele akiwa ameinama, maana yake mpira unakimbizwa, nao wanapaswa kuja mbele. Akiinuka na kurudi nyuma, mpira utarushwa, nao wanarudi kulinda. Mwanangu alisimamishwa mara 9 kwa kosa moja: kila alipotaka kwenda mbele, mguu wake wa kulia ulirudi nyuma kwanza, labda kwa upana wa kiganja. Baadaye walipita pembeni kwa haraka juu ya mifuko iliyolazwa chini, bila kupishanisha miguu na bila kuangalia chini.

Kwa nini tusifanye hivyo nyumbani? Mifuko ya mchanga ipo, na macho ya kocha hayanunuliwi. Vipaji navyo tunavyo, kwani Daniel Adongo alitoka kwenye raga ya Kenya, akasajiliwa na timu ya NFL ya Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kucheza futiboli hii, na Desemba hiyohiyo akaingia uwanjani.

Sisemi kwamba wao wametuzidi katika kila jambo. Kofia ngumu huwafanya vijana wengi watangulize kichwa, jambo linaloniogopesha kila wiki, ilhali sisi tusiokuwa na kofia tulijifunza mapema kuweka kichwa kando na kutumia bega. Mwaka 2014 Seattle Seahawks, timu nyingine ya NFL, walitoa video ya kufundisha ukabaji wa bega uliotokana na raga. Jumamosi iliyopita kocha wa mwanangu aliniomba nioneshe jinsi tulivyokuwa tukikaba Nakuru. Nilivua viatu, nikapiga goti kwenye nyasi, nikamwonesha kijana wa kwanza mahali pa kuweka shavu lake.