Limfoma igawanywe mpaka wapi? Kazi ya Elaine Jaffe

Mwaka 1974, katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani huko Bethesda, daktari kijana wa patholojia (uchunguzi wa magonjwa kwenye tishu), Elaine Jaffe, pamoja na wenzake walichukua vipande vyembamba vilivyogandishwa vya tezi za limfu zenye limfoma, yaani saratani ya seli za kinga, wakavimwagia chembe nyekundu za damu zilizopakwa protini za kinga. Chembe hizo zilinata kwenye vinundu vya saratani. Vipokezi vya protini hizo hupatikana kwenye seli B (aina ya seli za kinga) za folikula, yaani vijinundu vya kawaida vya tezi, kwa hiyo ugonjwa uliokuwa ukiitwa limfoma ya vinundu ukajulikana asili yake. Leo tunauita limfoma ya folikula.

Kilichobadilika hapo ni zaidi ya jina. Kabla yake, wengi waliuliza uvimbe unaonekanaje chini ya hadubini. Jaffe aliuliza umezaliwa na seli gani. Swali hilo ndilo lililoipa maana dawa kama rituksimabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997, ambayo hushambulia alama ya CD20 iliyo juu ya seli B. Huwezi kuitumia kwa busara kama hujui saratani iliyo mbele yako ni ya seli B au la.

Ubishi ulianza alipotaka swali hilohilo litumike kwa limfoma zote. Tangu 1982 madaktari wengi wa Marekani walizoea mpangilio wenye madaraja matatu: la chini, la kati na la juu. Mwaka 1994 Jaffe na wanapatholojia wenzake 18 wa Ulaya, Marekani na kwingineko walitoa orodha ndefu ya magonjwa, kila moja likitambulishwa kwa umbo la seli, alama zake, jeni zake na mwenendo wake kwa mgonjwa. Waliowatibu wagonjwa walilalamika: majina ni mengi, dawa ni zilezile. Sioni haki kuwabeza. Kama limfoma tano zinaishia kwenye mchanganyiko uleule wa dawa, mgonjwa anafaidika nini na vipimo vya ziada?

Jibu lililonishawishi ni limfoma ya mantli, inayotokana na seli B za ukanda unaozunguka folikula. Katika madaraja ya zamani ilijificha miongoni mwa nyingine. Ilipotengwa, ilionekana ni ngumu kuponya kabisa kama limfoma zinazokua polepole, huku ikikimbia kuliko nyingi kati ya hizo. Leo ina tiba zake. Kisha mwaka 1997 mapitio ya wagonjwa zaidi ya 1,300 kutoka nchi mbalimbali yalionyesha kuwa wataalamu huweza kukubaliana juu ya aina nyingi za orodha hiyo. Mpangilio wa Shirika la Afya Duniani wa 2001 ulijengwa juu yake.

Hata hivyo, hoja ya wapinzani haijafa, na pengine ina nguvu zaidi sasa. Mwaka 2000 uchunguzi wa jeni uliigawa limfoma ya seli B kubwa iliyotapakaa katika makundi mawili makuu. Matumaini yalikuwa makubwa. Lakini majaribio makubwa ya kuongeza dawa za botezomibu au ibrutinibu juu ya tiba ya kawaida, kwa kufuata mgawanyo huo, hayakufikia lengo lake kuu. Mgawanyo wa namna hiyo una nafasi yake katika utafiti. Kumwambia mgonjwa kuwa mgawanyo huo tayari unamchagulia dawa ni jambo jingine.

Kilichonisikitisha ni mwaka 2022, wataalamu walipotengana na kutoa mipangilio miwili, mmoja wa Shirika la Afya Duniani na mwingine ambao Jaffe ni miongoni mwa waandishi wake. Kwa limfoma ya folikula, ule ugonjwa wake wa 1974, ule wa Shirika umeyafanya madaraja ya ukali wa ugonjwa kuwa hiari na mwingine umeyabakiza. Kipande kilekile cha tezi kinaweza kupewa ripoti mbili tofauti.

Jaffe na wenzake wana sababu zao za kitaalamu, lakini katika jambo moja naegemea upande wa Shirika. Mpangilio wake unamruhusu daktari asiye na vipimo vya jeni kuishia kwenye familia ya ugonjwa, na umetenganisha vigezo vya lazima na vile vinavyopendekezwa tu. Aliye na hadubini, rangi za kawaida na alama chache anaweza kuandika kwa ukweli alichokiona, na mgonjwa akaanza tiba bila kusubiri jina ambalo maabara hiyo haiwezi kulithibitisha.