Bowa ile haikuwa kofia

Kwanza kabisa: bowa ile haikuwa kofia. Najua rafiki yangu wa kazini amekwisha kuwatumia sauti ya dakika 4, dakika 3 zikiwa kicheko chake mwenyewe, akidai niliivaa makusudi mpaka ofisini, na ninyi mmeisambaza hadi imenirudia kupitia kwa shangazi yangu wa Likasi, ambaye ameuliza kwa upole kama kichwa changu ni kizima. Kichwa ni kizima. Kinachouma ni kiuno, na haya naandika nimekalia upande mmoja.

(Wa Dar na Nairobi: kinga ni baiskeli, bowa ni uyoga, makala ni makaa, bisi ni basi, sashe ni mfuko wa plastiki. Hapa Lubumbashi ndivyo tunavyosema. Twende.)

Mnakumbuka tangu mwezi wa tano nimewasumbua na kinga yangu. Katuba mpaka mjini, asubuhi na jioni, nauli sifuri. Ikaja baridi ya Juni, ile inayowakalisha watu juani wamejikunja kama mijusi, mimi nikavaa soksi mikononi nikapanda. Nikapiga na picha. Nikaandika chini yake kwamba baridi ni ya wavivu. Mlionya, wengine wenu, na nikawajibu vibaya.

Sasa, baridi yetu ya Juni na Julai ni kavu. Barabara ngumu, vumbi basi. Mvua ni kesi nyingine. Novemba ikiingia, udongo wetu mwekundu unageuka sabuni, na haubagui tairi wala kiatu. Kuna mukubwa mmoja wa makala, wale wanaotoka porini na magunia kwenye kinga yamepanda juu kuliko wao wenyewe, hupita kwetu kabla jua halijatoka. Wiki iliyopita aliniambia: "Kijana, ku mvula breki haikamate. Anza kukamata mbali, rimu ikauke kwanza." Maana yake, rimu ya chuma ikilowa, mpira wa breki unateleza juu ya maji, lazima uanze kubana kidogo kidogo mapema, mpira upanguze maji, ndipo ushike. Nikaitikia, "Ndiyo, mukubwa," huku naangalia kinga yake ambayo haina breki hata moja. Yeye husimamisha kwa ndala, anaikandamiza kwenye tairi. Nikajisemea, huyu ndiye wa kunifundisha mimi?

Jumanne mvua ilianza saa kumi na moja alfajiri. Saa mbili tulikuwa na kikao na shefu mkubwa kutoka Kinshasa, na tuliambiwa shati nyeupe. Mtu mwenye akili angepanda bisi. Mimi nilivaa sashe kichwani, sashe kubwa mwilini niliyoitoboa matundu ya mikono, na sashe mbili miguuni ili kulinda viatu, nimezifunga kwa mpira wa chemba, ule wa ndani ya tairi. Mke wangu alisimama mlangoni na kikombe cha chai, akanitazama toka juu mpaka chini.

"Papa, unaenda kazi, ao unaenda kuuzwa?"

Nikaondoka kwa hasira, ndiyo maana sikukumbuka kwamba bati la kuzuia tope la gurudumu la nyuma nililitoa Septemba kwa sababu lilikuwa linapiga kelele. Kabla sijamaliza Katuba, tairi lilikuwa limekwisha kunichora mstari mwekundu toka kiunoni hadi kisogoni. Sikuuona. Wenzangu wote barabarani waliuona.

Nikapita Kenya (mtaa wetu wa hapa, si nchi), nikapita Kamalondo, nikaliacha nyuma lile dimba la Mazembe. Hapo mbele barabara inainama kidogo. Kidogo tu, siku ya jua huwezi hata kujua. Chini pale kulikuwa na mama wa bowa.

Mnazijua zile bowa kubwa zinazotoka kwenye vichuguu mvua za kwanza zikinyesha, ambazo moja inaweza kufika karibu mita nzima kwa upana? Alikuwa nazo. Ndogo kwenye beseni tatu, na ile mama yao ameiinua kwa mkono mmoja juu ya kichwa chake, nusu mwavuli nusu tangazo.

Nikabana breki. Kinga ikasema *fiiiii* na ikaongeza mwendo. Nikabana tena, vidole vyote vinane. *Fiiiii*. Hapo ndipo yule mukubwa wa makala alipokuja akilini, uso wake, ndala yake, kila neno. Nikasema basi, na mimi nitumie mguu. Nikashusha mguu wa kulia chini.

Mguu ulikuwa ndani ya sashe.

Sashe juu ya tope jekundu, ndugu zangu. Mguu ule uliondoka peke yake, kama una safari yake ya Kolwezi. Mimi na kinga tukabaki tunashauriana. Nilipata nafasi ya kuona vitu vingi sana. Niliona matone kwenye kengele. Niliona yule mama anahesabu chenji, akainua macho, akanitazama kama mtu anayetazama bisi isiyo ya kwao. Hakukimbia. Aliweka tu mkono mmoja juu ya beseni la katikati, lile zuri. Kinga ikaenda kushoto kwenye mtaro. Mimi nikatua kwa makalio na nikaendelea. Mnamkumbuka Kidiaba, kipa wa Mazembe, mwaka 2010 kule Abu Dhabi, akiruka kwa makalio uwanjani, dunia nzima inashangaa? Ndivyo hivyo, hatua chache tu kutoka Kamalondo, ila yeye alikuwa anashangilia.

Nikasimama katikati ya mabeseni. Beseni la kulia limepinduka. Kukawa kimya. Halafu kitu baridi na laini kikashuka taratibu juu ya kichwa changu na kutulia hapo. Kingo zake zilikaribia mabega. Ndani kulikuwa na giza jeupe na harufu ya udongo. Na niseme ukweli wangu: ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile mvua kuacha kunipiga usoni. Ningebaki mle.

Lakini nikasikia sauti ninayoijua.

"Shefu! Shefu, angalia! Huyu si wetu?"

Gari la kazi. Limesimama kwenye foleni, dirisha liko wazi, rafiki yangu ametoa nusu ya mwili nje na simu mkononi, na nyuma yake shefu wa Kinshasa, shati nyeupe, anainama ili aone vizuri.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo anapowadanganya. Anasema nilikuwa nimeivaa makusudi na nilifika nayo mpaka ofisini. Uongo. Kilichotokea ni malezi. Sisi tumefundishwa, ukimsalimia mkubwa unavua kofia. Nikainuka, tope linadondoka, mkono ukapanda wenyewe, nikaivua ile bowa kwa mikono miwili, nikaishika kifuani, nikainamisha kichwa.

"Jambo yenu, Shefu."

Shefu akaitikia. Kwa heshima zote, akaitikia. Kisha kioo kikapanda polepole, na gari lote likaanza kutikisika.

Yaliyobaki si ya kusimulia sana. Mama alisema, "Papa, hizi zote ni zako sasa," nikatoa noti tatu za elfu kumi bila kuomba punguzo, akaniwekea mbili ndogo za matabish, yaani nyongeza. Kikao nilikifanya mgongo ukiwa ukutani saa nzima, kwa ajili ya ule mstari. Shefu hakuuliza hata swali moja kuhusu hesabu zangu. Aliuliza kama bowa inapikwa na karanga. Inapikwa. Nyumbani tumekula bukari (ugali wetu) na bowa siku mbili mfululizo, na mke wangu kila akipakua ananiuliza kama nitavaa au nitakula. Rimu ya mbele imejikunja kama chapati.

Leo nimetembea kwa miguu. Mvua hakuna, jua kali, nimechomekea shati safi. Nilijaribu kupita upande wa pili wa barabara, nikageuza uso kama naangalia magari.

"Papa!" mama akaita, mpaka watu wa bisi wakageuka. "Leo kinga iko wapi? Niliisha kupanga za kugonga huku mbele!"